Ufunguo wa Nyumba ya Mabwe

Niling'oa waya wa televizyo ukutani, ukatoka pamoja na kipande cha plasta. Sikuzima kama mutu mwenye adabu. Niling'oa, na picha ikafa katikati ya neno, Don Anselmo akiwa mudomo wazi na mukono mu mufuko wa koti lake. Ilikuwa saa tisa ya muchana, mvua inanyesha, na mimi nilikuwa nimetoka sokoni na beseni tupu kichwani, sijavua hata viatu. Kwenye kiti changu alikuwa ameketi Ya Justine, yaani dada mukubwa Justine, rafiki wa marehemu mama yangu, aliyekuja kunisalimia mwanzo wa mvua na bado ananisalimia. Katikati ya magoti yake alikuwa Neema, binti yangu wa miaka sita, anasukwa nywele. Upande mumoja ulikuwa umekwisha, wa pili umesimama kama nyasi. Neema akanyoosha mukono kwangu, kwenye kamba ya shingoni ninapofunga ufunguo wa nyumba, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mutu anayeomba chumvi:

"Mama, lete ufunguo. Tutamutumia papa kwa dreva wa basi ya Mansa."

Hapo ndipo waya ulipong'oka.

Nieleze vizuri, kwa sababu majirani wameshasema kwamba nilimukasirikia mutoto. Nilikasirikia sauti mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya televizyo, Kiingereza, ambacho mimi nimekisoma mpaka darasa la mwisho la sekondari na kukifaulu. Don Anselmo alikuwa anamwambia Leonora kwamba hakuna mutu aliyemufungia katika chumba kile cha juu. Ufunguo alikuwa nao siku zote, huu hapa, mu koti. Niliusikia kwa masikio haya. Sauti ya pili ilikuwa ya Ya Justine, na juu ya maneno yaleyale alikuwa anamwambia mutoto wangu: "Unaona? Analia. Anasema: nani atanifungulia? Batu babaya bamenifungia humu, ntaona mutoto yangu siku gani?"

Ilikuwa novela ileile. Sisemi inafanana. Ileile, tuliyoiangalia nikiwa na miaka minane, imerudishwa na kituo fulani kwa ajili ya watu wasiokuwa na kazi. Na mutafsiri ni yuleyule, na uongo ni uleule. Nilikuwa nimeuishi kwa miaka sita.

Ninyi wenzangu mulioketi chini kwenye sementi ya nyumba za watu ili kuangalia televizyo, nyinyi munanielewa. Kila mwaka, mvua zikikolea, serikali hufunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazae. Kwetu sisi watoto wa wauza samaki, hiyo ilikuwa na maana moja: mama anashinda nyumbani. Mikono yake inaacha kunuka moshi. Hakuna boti ya kukimbilia alfajiri, hakuna mizani ya kugombania. Wanawake wa Kongo waliohamia upande huu wa ziwa kama mama yangu, waliokuwa wakitukanana kwenye mizigo asubuhi nzima wanabaki na midomo isiyokuwa na kazi. Mwaka ule midomo ilipata kazi kwa bana Mwape.

Bana Mwape, yaani mama Mwape kwa luga yake, alikuwa mwenye nyumba wetu, Mubemba, mujane wa mwalimu. Televizyo yake ilivaa kitambaa cha kufuma kama bibi-arusi, na ilivuliwa saa tisa tu. Tulijaa. Akina mama kwenye viti na mikeka, watoto chini, baridi ya sementi ikipanda kupitia sketi. Kwenye kona kulikuwa na mbabula ya makaa, na kando yake mihogo iliyolowekwa ikikaushwa kwa sababu jua limegoma. Harufu ile chachu ya mihogo, mpaka leo ikinipata sokoni, ninasikia kengele za saa kubwa ya nyumba ya Don Anselmo.

Novela ilikuwa ya watu wa mbali, imetiwa Kiingereza, nasi tuliiita Nyumba ya Mabwe kwa sababu ya lile jumba jeusi la mawe lililosimama juu ya maji. Ndani yake kulikuwa na mishumaa, ngazi zinazolia, picha ya muzee inayofuata watu kwa macho. Kulikuwa na Don Anselmo, mwenye nyumba, tajiri asiyecheka. Kulikuwa na Leonora, mwalimu kijana aliyekuja kufundisha na akapenda mahali pasipofaa. Kulikuwa na dokta mumoja aliyempenda Leonora bure. Na kulikuwa na mwanamuke wa shela nyeusi, aliyepita mwisho wa ukumbi kila mara mambo yalipotaka kutengemaa.

Kiingereza kilijulikana na bana Mwape peke yake, na yeye alisinzia kabla wimbo wa mwanzo haujakwisha. Tena mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata kama ungekijua usingesikia. Kwa hiyo sauti yote ilikuwa ya Ya Justine. Alikuwa amesoma kwa masista kule Lubumbashi, lakini kwa Kifaransa. Kiingereza chake chote kilikuwa cha kuuzia samaki. Hakuna aliyemuuliza. Mutu akisema anajua luga, kwetu unamwachia mpaka akosee, na mvua ile ilimuzuia kukosea.

Akina mama walijigawa. Upande mumoja wa dokta, upande mwingine wa Anselmo, na wengine hawakusalimiana kwenye bomba la maji kwa ajili hiyo.

"Dokta njo bwana wa kuoa," alisema mama muuza chumvi, munene, sauti kama ya injini; kwetu "njo" ni "ndiye". "Anaheshimu. Anabisha mulango."

"Dokta hana nyumba."

"Na nyumba ya Anselmo iko na mizimu."

"Mizimu haikatazi kupika. Kukosa nyumba njo kunakataza kupika."

"Mama Fifi," waliita, "weye uko upande gani?"

Fifi ni mimi. Mama yangu alikuwa anaketi karibu na mulango, sahani ya maharagi juu ya mapaja, anachagua mawe. "Mimi ninaangalia tu," alijibu.

Papa hakuwapo. Alikuwa fundi wa injini za boti. Kabla ziwa halijafungwa alivuka kwenda Kilwa, upande wa Kongo, na sanduku lake la spana, kutengeneza injini moja. Injini moja haimalizi wiki. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema chochote, na mimi sikuuliza, kwa sababu mutoto anajua swali gani litamwaga chakula.

Lazima mujue pia namna tunavyosema. Neno gumu halitupwi usoni mwa mwenyewe. Linapitishwa. Unaliambia kuku, unaliambia mutoto aliye mugongoni, na mwenyewe anasikia akiwa pembeni kama mutu anayepita. Watu wanaita hiyo heshima. Mimi niliita hivyo pia.

Siku moja, Don Anselmo alikuwa amekosekana katika novela siku tatu nne, na akina mama walikuwa wanalalamika. Ya Justine hakuangalia televizyo. Aliangalia mulangoni, kwa mama. Mama akashusha kichwa. Nilidhani ameona jiwe mu maharagi.

"Bon," Ya Justine akasema. "Sikieni. Anselmo hakukimbia. Bamemufungia. Ule mwanamuke wa shela alimupa dawa, akamutia mu chumba ya juu, akafunga, akatupa ufunguo mu maji. Kila siku analia juu ya mutoto yake."

"Mutoto?" muuza chumvi akageuka. "Anselmo iko na mutoto tangu lini?"

"Iko naye. Musichana. Haukufwata vizuri."

Muuza chumvi alifungua mudomo, akaniona pale chini, akaufunga. Wengine nao wakanitazama, kisha wakageukia televizyo. Nilifikiri wanamuhurumia Anselmo.

Ninawaambia ukweli: ilikuwa furaha. Tangu papa aondoke nilikuwa nimebeba kitu tumboni kama bukari, ugali wetu, usioiva, na siku ile kilishuka. Papa hakutuacha. Papa amefungiwa. Asubuhi chache, mvua ikiwa imeosha hewa, milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama mustari wa penseli, na kwenye mustari ule niliona nukta moja inang'aa. Labda bati la mutu. Mimi nilikata shauri kwamba ni dirisha la chumba cha juu. Nyumba ya Mabwe ilikuwa juu ya maji mengi, sisi tulikuwa na maji mengi, hesabu ilitosha. Nilisimama ufukoni na kupunga mukono, tena si kidogo, mpaka bega linauma.

Ziwa likafunguliwa. Siku ile ya kwanza ufuko ulikuwa injini tupu na kelele. Mama alikimbia kwenye boti, akaniachia ufunguo wa kufuli, ambao ulikuwa mumoja tu, akanifunga shingoni kwa kamba na kusema: "Funga, kisha unifwate." Nilifunga. Kufuli ile ilibonyezwa tu, haikuhitaji ufunguo. Kisha nikaenda kwa muzee mumoja mwenye boti ya Kilwa, aliyekuwa anapakia sabuni.

"Muzee, munamujua papa, fundi wa injini?"

"Ninamujua."

"Mumupe hii. Mumwambie ni ya kufungulia."

Aliutazama ufunguo, akanitazama. "Yeye anajua?"

"Anaungoja."

Aliutia mu mufuko wa shati, akafunga kifungo. Ninakumbuka kile kifungo, cheupe, cha shati lingine. Niliona ni mutu wa kuaminika.

Mama alirudi na magunia mawili ya kisense mbichi, dagaa wa ziwa letu, vichwani mwa wachukuzi, wingu linakuja nyuma yake. Mulango umefungwa, beseni na mikeka ya kuanikia viko ndani. Bana Mwape akakataa mulango wake uvunjwe: "Awe, mama Fifi, huo mulango uliletwa na marehemu." Mvua ikapiga samaki wale uani, na kesho yake walikuwa wa kutupa. Mama alinichapa, kisha akaniuliza niliupeleka wapi. Nilimwambia. Aliacha kunichapa, na hilo ndilo lililonitisha.

Tulilala siku nne kwenye sementi ya bana Mwape, chini ya televizyo iliyovaa kitambaa. Haikufunuliwa tena, malipo yake yalikuwa yamekwisha, na hakuna aliyeona mwisho wa novela. Siku ya nne muzee wa boti akaja. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitambaa cha njano chenye bata wadogo, kama cha nguo ya mutoto muchanga. Mama aliufungua, akanusa kile kitambaa. Akasimama nacho. Mimi nikasema:

"Haukuingia?"

Mama akamwangalia muzee. Muzee akaangalia boti yake.

"Haukuingia, Fifi," mama akasema.

Basi ilikuwa ni kutafuta mwingine. Kuanzia siku hiyo niliokota funguo. Za makufuli yaliyokufa, za masanduku, moja ya kabati la kanisa. Nilijaza kopo la maziwa. Nilipata jina la mwizi, na mwalimu wa Jumapili aliniombea mbele ya watu wote. Sikujitetea, kwa sababu Leonora pia hakujitetea.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, ninauza kisense kwenye soko la Kashikishi, mwanamume mumoja akainama kwenye fungu langu. Mikono ya mafuta ya injini, lile kovu la papa kwenye kidole gumba. Nyuma yake watoto wawili wanagombania kipande cha muwa, wana meno kama yangu. Akaonja kisense mumoja, akatafuna polepole.

"Dada, hizi ni za jua la leo?"

"Za leo," nilisema.

Akasema zina mchanga, akaenda kwa mwingine. Hakunijua. Nilirudi nyumbani nikatupa kopo mu choo, na mama aliposikia limeanguka hakuuliza ni nini. Hatukusema. Alikufa mwaka jana na hatujasema.

Kwa hiyo, waya mukononi, nilimuuliza Ya Justine mbele ya Neema.

"Ulisikia alichosema pale? Kwa Kiingereza?"

"Miye minasikia picha," alisema. "Mutu akilia minaona analia."

"Halii. Anasema ufunguo ni wake. Hakuna aliyemufungia. Wewe ulimwaibisha mama yangu mbele ya soko zima, kila siku saa tisa, na sasa unanifanyia mimi."

Aliweka kitana chini. Ni mwanamuke wa miaka sabini hivi, magoti mabaya, na hakuna mutu aliyempandishia sauti tangu bwana yake afe.

"Mama yako njo alinilomba," alisema. "Alikuja ku nyumba, akaketi chini. Akasema: Justine, mutoto halali, hakuli, anasimama ku mulango. Unipe kitu ya kumwambia. Minamuuliza: kitu gani? Anasema: ata kufuli. Afazali kufuli kuliko papa anayetembea mu njia na bibi mwingine. Alors nilimupa kufuli."

"Na ufunguo? Yule muzee alimuona papa?"

"Alimuona. Papa yako alikuwa chini ya muti, na mutoto mudogo ku mapaja. Alicheka. Akasema: ufunguo wa nini? Huku mulango yangu ni rido tu." Rido ndiyo pazia. "Bibi yake njo alifunga ile kitambaa, ili usipotee. Alikuwa mutu muzuri, ule bibi."

Niliketi juu ya beseni. Miaka yote nilimuweka Ya Justine mu kesi peke yake, kumbe mushitakiwa wa pili ni mama yangu, na amelala kaburini siwezi kumugombeza.

"Ulilala," Ya Justine akasema, sasa kwa upole. "Tangu ile siku ulilala, ukakula. Ulitaka tufanye nini, Fifi?"

Nilitaka kumujibu kwamba nililala miaka sita na kuamuka mbele ya mwanamume anayeonja samaki wangu. Kwamba mutoto anayejua ameachwa analia na kumaliza, lakini anayengojea mulango ufunguliwe hamalizi. Nilisema machache. Nilisema, "Ulitaka kunisaidia. Sasa acha." Kisha nikamalizia kusuka ule upande wa pili mimi mwenyewe, na nilivuta sana, Neema ananiambia "mama, kichwa," nami ninamwambia polepole jambo lililokuwa la kusema tangu Pasaka.

Kwa maana Crispin, bwana yangu, alienda Mansa kabla ya Pasaka kununua vioo vya simu. Ni fundi wa simu. Ana simu tatu, na zote zinaita. Anaishi huko na mwanamuke mwingine. Nimeiona nyumba, nimeona shati lake kwenye kamba. Nimekwenda kwa kaka yake: vumilia. Nimekwenda kwa wazee wa kanisa: tutamuombea, mambo ya nyumba hayatoki nje. Wote wananiongelea kupitia kuku. Wiki iliyofuata nilimushika Neema mukono, nywele zimefungwa sawasawa pande zote mbili, tukaenda kortini.

Karani alikuwa mama wa Kibemba mwenye miwani, musikivu. Aliniuliza kama ninataka talaka. Nikasema bado. Akauliza kama ninataka matunzo ya mutoto. Nikasema hiyo nitarudia, ina siku yake. "Sasa, mayo, unashitaki nini?" Nikamwambia. Aliweka kalamu chini, akasema karatasi yake haina mahali pa kuandika jambo kama lile. Nikamuomba aniruhusu niandike mwenyewe, hata pembeni. Alimutazama Neema, akanisukumia karatasi. Niliandika kwa Kiingereza, nikamusomea mutoto palepale kwa luga yetu, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza:

*Mimi, mama wa Neema, ninamushitaki Crispin, bwana yangu, ambaye hajafa, hajapotea, na hajafungiwa na mutu. Anakaa Mansa, katika nyumba yenye mulango wa bluu, na anatoka humo kila asubuhi kwa miguu yake. Kosa lake ni kwamba aliondoka bila kumwambia mutoto wake, na akaacha watu wengine waseme uongo kwa niaba yake. Ninaomba aitwe, aje muchana, asimame mbele ya Neema, na amwambie kwa kinywa chake mwenyewe: niliondoka, ufunguo nilikuwa nao. Mashahidi: mimi, na mutoto.*